Mwaka Mmoja wa Raya na Kanda Tisa za Harusi

Siku niliyorudisha kadi ya mlangoni, kijana aliyerithi kiti changu aliniuliza, "Mzee Mselem, zamani bila kompyuta mlikuwa mkijuaje nani anastahili na nani hastahili?" Aliuliza kwa huruma kabisa, kama mtu anayemwuliza bibi yake habari za kusaga mahindi kwa jiwe. Nilikasirika mpaka kituo cha basi. Basi lilipochelewa, hasira zikaniishia, nikaona ah, hata mimi ningeuliza. Basi jibu lake ndilo hili, na nyinyi wengine mnaobonyeza vitufe pale someni pia, haitawadhuru. Vyeo sitavitaja. Mishahara nayo mnaijua, na asiyeijua asiitafute, atalia bure.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Mtoto akikubaliwa chuo kikuu, halmashauri ilimsaidia ada na kujikimu, mradi awe na haki hiyo. Kwa sisi wahamiaji haki ilisimama juu ya mambo mawili: uwe na ruhusa ya kukaa Uingereza bila kikomo, na uwe umeishi nchini miaka mitatu kamili kabla ya tarehe mosi Septemba ya mwaka unaoanza masomo. Ukikosa moja, unahesabiwa mwanafunzi wa kutoka ng'ambo, huna msaada, na ada yake ni ile ambayo ukiisoma unatafuta pa kukaa. Sheria yenyewe ilitosha kuandikwa nyuma ya bahasha. Mimi nimeishi ndani ya bahasha hiyo tangu mwanzo wa miaka ya tisini mpaka nilipostaafu.

Siku ya kwanza nilifika na suti ya harusi ya shemeji yangu, mikono mirefu kuliko yangu. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu, jengo la halmashauri kusini-mashariki mwa London, dirisha moja linafunguka na jingine limepakwa rangi likagandia hapo hapo. Mkuu wangu alikuwa Bi Doreen, mama wa Kiingereza, mfupi, miwani yake ina mnyororo shingoni, chai yake nyeusi kama lami. Alinipa vitu vitatu: muhuri wa tarehe, kidude cha kung'olea pini tulichokiita mamba, na sanduku la tishu.

"Hiyo ya tatu utaitumia sana," akasema.

"Kwa ajili ya wateja?"

"Kwa ajili yako."

Nikadhani anatania. Asubuhi ile ile nikapiga muhuri fomu arubaini bila kuangalia kwamba gurudumu la mwezi limekwama, nikawa nimewapokea wanafunzi arubaini kabla fomu zenyewe hazijachapishwa. Nilifika kwenye tishu kabla ya saa sita mchana.

Bi Doreen hakunifukuza. Alikaa nami tukasahihisha moja moja, na katika kusahihisha akanifundisha kazi. Hakuwa akitazama uso wa mteja, alitazama mikono. Na alikuwa na neno lake alilolirudia mpaka likaniingia kichwani kama sala: "Kila karatasi ina karatasi nyuma yake." Maana yake, mtu akikuambia hana ushahidi, usimfungie faili. Muulize alikuwa akifanya nini siku zile. Popote binadamu alipopita kuna mtu mwingine aliyeandika kitu, hata kama hakumwandika yeye.

Nilijifunza haraka kwamba wateja wangu wa Afrika Mashariki ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni kama Bwana Harbans, Singasinga mzaliwa wa Kisumu aliyehama kutoka Southall, magharibi mwa jiji, akafungua duka la vyuma upande wetu. Nilimwomba karatasi tatu za kuthibitisha makazi ya binti yake. Alikuja na masanduku mawili, na mkewe nyuma na la tatu. Ndani mlikuwa na risiti ya jiko. Mlikuwa na dhamana ya jiko. Mlikuwa na barua ya kulalamikia jiko.

"Bwana Harbans," nikamwambia, "nilisema tatu."

"Wewe chagua," akasema. "Mimi sitaki siku moja mtu aniambie sikuwepo."

Namna ya pili ni sisi Wazanzibari na Wapemba. Sisi, yakhe, hatuna karatasi. Wengi wetu tuliondoka kwetu na nguo tulizovaa, tukiwa tumejifunza kwamba jina lako likiandikwa mahali, kuna siku mtu atakuja na karatasi hiyo kukutafuta. Basi mtu wetu akipata barua anaisoma, anaichana vipande vidogo, na vile vipande anavigawa katika ndoo mbili za taka. Ukimwuliza amekaa wapi miaka mitatu anajibu, "Kwa watu." Watu gani? "Watu wetu." Nikiandika hivyo kwenye fomu, Bi Doreen ananitazama juu ya miwani.

Katika hao namna ya pili ndimo alimotoka Raya, na faili lake ndilo ninalotaka mlisome.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wiki ya pili ya Agosti. Mama yake, Bi Zuwena wa Thamesmead, aliingia ofisini na binti wa miaka kumi na tisa anayetembea hatua mbili nyuma yake kwa haya. Raya alikuwa amekubaliwa kusomea upimaji macho. Ruhusa ya kukaa walikuwa nayo, stempu nzuri imekaa katikati ya ukurasa. Miaka miwili ya mwisho alikuwa chuo cha jirani, mahudhurio yake hayana doa. Uliokosekana ni mwaka wa kwanza, mwaka aliofika. Pasipoti ya zamani yenye muhuri wa kuingilia ilipotea katika posta. Nafasi ya shule hakuipata mwaka ule, akakaa nyumbani. Nyumba ilikuwa ya mjomba, bili zote jina la mjomba.

"Daktari je?" nikauliza. "Aliandikishwa kwa daktari?"

"Daktari wa nini?" Bi Zuwena akajifuta paji la uso kwa ncha ya buibui. "Mwanangu hakuumwa hata mafua!"

Alisema kwa fahari, maskini, hajui kwamba mafua yale yangemsomesha mwanawe.

"Sasa mwaka mzima alikuwa akifanya nini?"

Raya akanong'ona, "Ami, nilikuwa nakwenda harusini na Mami."

"Na siku nyingine?"

"Tulikuwa tunajitayarisha kwenda harusini."

Mezani kwangu palikuwa na barua ya chuo. Raya alete uamuzi wetu kabla ya mwisho wa mwezi, au alipe ada ya mgeni, au nafasi apewe mwingine. Ada ya mgeni wasingeiweza hata wangemuuza mjomba. Mama hakulia. Aliniambia tu, "Ndugu yangu Mselem, huyu ndiye wa kwanza kwetu. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, halafu mambo yakaharibika. Usinirudishe nyumbani hivi." Bi Doreen aliniambia tusitazame nyuso, tutazame mikono. Mikono ya mama yule ilikuwa imekunja mkoba kama anaukamua maji. Wallahi niliumia.

Nikamwendea Bi Doreen nikamweleza. Akanywa chai yake. "Harusi," akasema. "Hazipigwi picha?"

Nikapiga kofi mezani. Zinapigwa! Harusi zetu za London zilikuwa hazianzi mpaka mwenye kamera afike. Nikampigia simu Bi Zuwena, naye keshokutwa yake akaja na mfuko wa sokoni, ndani mna kanda za video tisa zimefungwa kwa kanga mbili kama mtoto mchanga. Nikanyoosha mkono kupokea. Akaukumbatia mfuko.

"Wewe hutazami," akasema.

Toba! Nilisahau. Zilikuwa kanda za ukumbi wa wanawake. Asiyejua atadhani ni jambo dogo. Upande wa wanaume harusini ni biriani na hotuba, hata ukiutangaza kwenye televisheni hakuna atakayeangalia. Upande wa wanawake milango imefungwa, buibui zimetundikwa, watu wako wazi vichwa na wamevaa walivyovaa, na wanacheza. Hata mpiga picha ni mwanamke. Kanda hizo huazimwa nyumba kwa nyumba kwa kiapo, na mwanamume akionekana amezitazama, hapati tena wa kumsalimia msikitini wala wa kumpikia nyumbani. Na mimi ndiye mwenye faili, tena ndiye peke yangu ghorofa nzima ninayejua Kiswahili.

"Sioni tatizo," akasema Bi Doreen. "Mimi nitatazama. Huyu mama atanionyesha binti yake. Wewe utatafsiri."

"Nitatafsirije bila kutazama?"

Akashika kiti changu kwa mgongo, akakigeuza kikatazama kabati la mafaili.

Basi nikakaa hapo kutwa, pua yangu na herufi za kabati, A hadi F. Nyuma yangu televisheni ya magurudumu, ile ya kufundishia mambo ya moto, Bi Doreen na kalamu yake, na Bi Zuwena akionyesha kwa kidole. Ngoma zinapigwa, vigelegele vinapanda, wafanyakazi wenzangu wanachungulia mlangoni wanaona mtu mzima ameadhibiwa. Mmoja aliniletea biskuti, akaniambia itapita tu.

Saa ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. "Yule pale Raya," anasema Bi Zuwena, natafsiri, Bi Doreen anaandika. Halafu kalamu ikasita.

"Mselem, kanda hii inasema ni tarehe mosi Januari."

"Sawa."

"Na iliyopita pia. Na iliyopita kabla yake. Saa sita usiku kamili, zote."

Nikamwuliza Bi Zuwena mpiga picha ni nani. Kumbe ni binti wa shoga yake, alinunua kamera, akaona vitufe vya saa vinamchanganya, akaviacha. Jumuiya nzima tumeozana mwaka mzima usiku mmoja wa Januari! Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, na tishu ziko mezani nyuma yangu, siwezi kugeuka.

"Rudisha nyuma," Bi Doreen akasema ghafla. "Simamisha hapo. Mselem, nyuma ya kiti cha bibi harusi, ukutani, kuna ubao wa matangazo. Naufahamu ubao ule. Ule ni ukumbi wetu."

Ulikuwa ukumbi wa halmashauri! Kanda zote tisa! Na ukumbi wa halmashauri haukodishwi mpaka baba wa bibi harusi aandikishe jina lake, na tarehe, kwenye daftari lililoko ghorofa ya pili, chini ya miguu yetu. Majina ya maharusi, na ya baba zao, yalikuwa yamebandikwa ukutani kwa karatasi za kumetameta, kila harusi. Nilishuka ngazi mbili mbili. Kabla ya chai ya alasiri tulikuwa tumezipata tarehe zote tisa, kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Agosti ya mwaka uliofuata, kwa mwandiko wa halmashauri yenyewe. Bi Zuwena alipiga kigelegele kimoja, na idara ya maegesho ikatoka nje ikidhani ni king'ora.

"Bado kimoja," akasema Bi Doreen. Mwanamke yule alikuwa hamalizi. "Mama kumtambua mwanawe hakutoshi. Nataka mtu mzima asiye wa familia, aliyekuwepo zote tisa, aje aandike na kutia saini kwamba msichana huyu ndiye. Na ninamjua nimtakaye. Yuko mama mmoja mwenye gauni la zambarau. Tangu kanda ya kwanza mimi namngojea yeye. Akiingia yeye, wengine wote wanampisha, ukumbi unasimama. Sijapata kuona mtu akicheza hivyo. Ni nani?"

Nikatafsiri. Nikasikia Bi Zuwena anafungafunga mfuko wake wa kanda.

"Bi Zuwena," nikasema nikitazama kabati, "unaulizwa, mwenye zambarau ni nani?"

Halafu Bi Zuwena akakohoa. "Ndugu yangu Mselem, nisamehe. Ni mkeo."

Sasa, lazima niwaeleze kuhusu goti. Mke wangu Zeyana alikuwa na goti. Lilianza kumuuma miaka mitatu kabla, na tangu hapo mimi ndiye niliyepandisha vitu vya sokoni ghorofa ya nne, mimi nguo za dobi, mimi gesi, na lifti yetu ilikuwa pambo tu. Harusini alikuwa akienda, ndiyo, lakini aliniambia hukaa pembeni na wazee, hula sambusa moja, hurudi. Mkimya, mpole, sauti haipandi. Na gauni la zambarau nililinunua mimi.

Nikamwambia Bi Doreen ukweli, kwa sababu mtumishi hashughulikii faili ambalo mkewe ni shahidi. Akalichukua faili kutoka mikononi mwangu. Nilisikia mabega yake yanatikisika. Sikugeuka, ila mtu akicheka kwa kujizuia kiti chake husema.

Nyumbani nilimkuta Zeyana jikoni anakata vitunguu. "Goti linaendeleaje?" nikamwuliza.

"Hivyo hivyo, Baba Said. Linauma."

"Bi Doreen anakusalimu. Anasema hajapata kuona mtu akicheza hivyo."

Kisu kikasimama. Akageuka, uso umemtoka rangi. "Umetazama?"

"Sikutazama. Nimetazama kabati kutwa nzima, shingo imekwama."

Rangi ikamrudi. "Alhamdulillahi. Maana mule mna wake za watu." Akaendelea na vitunguu vyake. Goti hata halikumpitia akilini.

"Zeyana, na goti?"

"Linauma nikipanda ngazi. Kwenye ngoma haliumi. Nifanyeje mimi, ndilo goti lenyewe lilivyo!"

Kimya kingi kina mshindo mkubwa, walisema wazee, nami nilikuwa nimelala na mshindo nyumba moja miaka ishirini na sita. Nikamwambia, "Sijapata kukuona ukicheza."

"Hukuwahi kuniomba."

"Basi nakuomba. Cheza."

"Hapa? Bila ngoma, na vitunguu mkononi? Ngoja, siku ipo."

Jumatatu akaja ofisini, akapanda ngazi tatu akilalamika kila kidato kwa makusudi ili nisikie. Bi Doreen akamwuliza kupitia mkalimani wa kike wa kukodi, kwa kuwa mimi nilitolewa nje: ana hakika gani Raya alikuwepo harusi zote tisa? Zeyana akajibu, "Mimi sichezi na mkoba. Na mkoba wangu simpi mtu ovyo. Kila harusi nilimpa yule mtoto aushike, kwa sababu hafungui mikoba ya watu." Bi Doreen akarudisha kanda, moja baada ya moja. Pembeni mwa gauni la zambarau, kila mara, msichana amesimama na mkoba mwekundu kaukumbatia kwa mikono miwili. Zote tisa.

Msaada ulipita siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Mahali pa kuandika aina ya ushahidi Bi Doreen aliandika kwa mkono wake: "Harusi tisa, na mkoba mmoja." Wakaguzi walikuja mwaka uliofuata, wakalisoma faili lile, wakaulizana, wakaomba chai. Bi Zuwena naye akamwalika Bi Doreen harusi ya kumi. Alikwenda. Mimi sikuwepo, bila shaka, lakini nasikia mnyororo wa miwani ulikatika.

Baada ya hapo yakaja mambo mnayoyajua. Kompyuta zikaingia, Bi Doreen akastaafu, fomu zikahamia kwenye mtandao, kabati la A hadi F likachukuliwa na gari la vyuma chakavu, na nilisikitika kuliko nilivyodhani mtu anaweza kusikitikia kabati. Kabla ya hayo yote kwisha, Zeyana alifariki. Haikuwa goti, ilikuwa moyo. Ile siku aliyosema ipo hatukuifikia. Akiwa hai bado, mwanetu Said alioa Birmingham, nikakaa na wanaume, na kupitia ukutani nikasikia vigelegele, nikajua yuko katikati. Huko ndiko nilikomfikia karibu zaidi.

Wiki niliyostaafu, nilikwenda kupimwa macho. Raya sasa ana duka lake la miwani, na kiti chake cha kupimia kinapanda na kushuka, anakipenda kuliko watoto wake. Aliniambia macho yangu ni ya mtu aliyesoma maandishi madogo ya serikali maisha yake yote. Alipomaliza akaniwekea mkononi diski katika bahasha.

"Ami, nimezipitia kanda zote tisa. Nimekata mahali alipokuwa peke yake tu. Hamna mke wa mtu. Mami amehakikisha, mara mbili. Ni dakika sita."

Nikataka kwenda mbio. Akanishika mkono. "Ngoja miwani mipya kwanza. Kwa hii ya zamani utaona zambarau tu."

Nikangoja, nikarudi nyumbani nayo usoni. Ilikuwa alasiri, jua limeingia mpaka kwenye zulia. Nikaweka diski, nikakaa, na mkono wenyewe bila kuniuliza ukakigeuza kiti kikatazama kabati la vyombo. Nikasikia ngoma imeanza. Nikasimama, nikakigeuza kiti tena.

Alikuwa pale. Pembeni kabisa ya picha unaonekana mkono wa msichana na mkoba mwekundu, hakuna mwingine. Nililia, siwafichi. Nilicheka pia, nikamwambia maneno ambayo mume humwambia mkewe. Na nimeitazama mara nyingi tangu siku ile, kwa makini, kwa jicho la mtu wa ofisi aliyefundishwa asiamini mpaka athibitishe. Lile goti, jamani, halikuwa na ugonjwa wowote.